Mengineyo

Kwa anayefundisha Kiswahili hili ni somo la kawaida kabisa: *shiriki* ni kitenzi cha mtu anayefanya jambo mwenyewe pamoja na wenzake. Kitie kauli ya kutendesha, kinakuwa *shirikisha*. Sasa yuko mwingine anayekufanya ushiriki. Kitie tena kauli ya kutendwa, kinakuwa *shirikishwa*, na wewe uliyeanza kama mtenda umebaki kutendwa. Kisha tunaunda nomino, *ushirikishwaji*, tunaipachika kwenye kila mpango wa maendeleo wa nchi hii, na hakuna anayeshtuka.

Mimi hushtuka, labda kwa sababu ya kazi. Nimezaliwa Kibondo, nafundisha Kasulu, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa na mazoea ambayo walimu wenzangu wanayaona ya ajabu: nasoma nyaraka za mipango kama ninavyosoma riwaya. Nani anasimulia? Nani anasemewa? Wakati unakwendaje ndani ya hadithi hii, na nani amepewa mazungumzo? Nilianza na zile kubwa zinazopatikana kwa simu, nikashuka mpaka mihtasari inayobandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa, ile ambayo mvua ikipiga upande mmoja unabaki na nusu ya ajenda.

Tuanze na zile kubwa. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 iliandaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya Rais Benjamin Mkapa, na ikaanza kufanya kazi mwaka 2000. Ni waraka mfupi wenye sauti ya mwalimu wa zamu. Unaeleza Tanzania inayotakiwa: maisha bora, amani na umoja, utawala bora, jamii iliyoelimika na inayojifunza, uchumi unaoweza kushindana. Halafu unageuka na kutaja vikwazo, na miongoni mwake kuna fikra tegemezi, yaani hali ya watu kukata tamaa na kungoja wafadhili. Kwa haki niseme kwamba waraka huo huo unailaumu pia serikali kwa udhaifu wa utekelezaji. Lakini angalia nafasi aliyopewa mwananchi katika hadithi: anaingia jukwaani akiwa tayari ni mgonjwa. Ana tatizo la fikra. Atatibiwa.

Dira ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 17 Julai 2025, ni maandishi bora zaidi. Haigombezi. Inataka uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na inajivunia kwamba watu zaidi ya milioni moja walitoa maoni wakati wa kuiandaa. Milioni moja ni wengi, na siamini wanaosema kuwa yote ni maigizo. Najua watu waliojaza majibu yao kwenye simu wakiwa kwenye foleni ya benki. Kinachonisumbua ni cha kifasihi. Katika waraka huo watu milioni wamekuwa idadi. Nilitafuta sentensi moja ambayo ningeweza kuinyooshea kidole nikasema, hii imetoka Kibondo, au Tandahimba, au Makete, hii mtu aliisema kwa mdomo wake. Sikuipata. Sauti zote zimechemshwa zikawa sauti moja laini ya mtaalamu. Na hata lile neno *dira* lina mambo yake. Ni neno la baharini. Dira hushikwa na nahodha, na kazi ya abiria ni kuuliza tutafika lini.

Ndiyo maana nilishuka chini, nikitarajia kwamba huku mtaani na kijijini, ambako watu wanakaa uso kwa uso, hadithi ingesimuliwa tofauti.

Huku chini kuna utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya TAMISEMI na baadaye kuboreshwa kwa msaada wa shirika la Japani, JICA. Wawezeshaji wanakuja, karatasi za manila zinabandikwa ukutani, watu wanachora ramani ya kijiji chao, wanaeleza kalenda ya misimu, wanataja matukio ya kihistoria. Mwishoni vipaumbele vinapangwa kwa kura, mpango unakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Nimeona mabango haya, na nakiri kwamba kama kazi ya uandishi wa pamoja yanavutia kuliko Dira zote mbili. Bango la historia hasa. Wazee hutaja njaa, kipindupindu, mwaka wa Operesheni, miaka ya wakimbizi, mwaka umeme ulipofika. Miaka 50 au 60 ya mahali pamoja imewekwa kwenye mstari mmoja, kwa mwandiko wa kijana wa kidato cha nne.

Lakini mstari huo ukifika leo unakatika. Katika mabango niliyoyaona hakuna lililochorwa kwenda mbele kwa urefu ule ule. Baada ya historia ya miaka 60 watu wanaulizwa swali la miaka mitatu, mara nyingi la mwaka mmoja wa bajeti: kipaumbele chenu ni kipi? Na swali la namna hiyo lina jibu la namna moja. Maji. Zahanati. Kivuko. Madawati. Siyadharau hayo, mama zetu wamebeba ndoo vichwani miaka mingi mno. Nasema tu kwamba swali limeshaamua ukubwa wa jibu.

Kuna mkutano mmoja wa mtaa, hapa Kasulu, ambao nautumia sasa kila ninapowaeleza wanafunzi maana ya matini na kimya chake. Sitautaja mtaa. Tulikaa chini ya mwembe, viti vya plastiki mbele kwa wageni, mabenchi ya kanisa nyuma kwetu. Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye nia njema. Aliuliza lile swali, maji yakatajwa, barabara ya mtaa ikatajwa, kijana mmoja akataja mtandao wa simu watu wakacheka. Ndipo akasimama mama mtu mzima, akaomba ruhusa kwa mwenyekiti, akasema yeye anauliza makaburi.

Kimya kidogo. Akaendelea, bila haraka. Zamani tulizika nyumbani, akasema, kwenye migomba, marehemu akabaki na watu wake. Sasa mmetupimia viwanja, ishirini kwa ishirini. "Mjukuu wangu akinizika hapo, atakuja kuuzaje? Na asipouza, atasomaje? Na yule atakayenunua, atalala na mimi?"

Watu walicheka pale mwisho, na mama mwenyewe akacheka. Mwezeshaji akasema ni hoja nzuri sana, wataalamu wataichukua. Wiki mbili baadaye muhtasari ulibandikwa. Maji yalikuwa kipaumbele namba moja, barabara namba mbili. Chini kabisa, chini ya ajenda ambayo kila Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye kikao anaijua, nilisoma: *Mengineyo: Mjumbe mmoja alitoa hoja kuhusu maeneo ya maziko. Hoja ilipokelewa.*

Ilipokelewa na nani? Kauli ya kutendwa tena, na mtenda hayupo.

Ningependa tuisome hoja ya yule mama kwa makini ambayo muhtasari haukuipa. Ndani ya sentensi tatu fupi ameweka karibu kila kitu ambacho mpango kabambe wa mji unapaswa kukijibu. Ameona kwamba upimaji unageuza ardhi ya ukoo kuwa mali inayouzika. Ameona kwamba elimu ya vizazi vijavyo italipwa kwa kuuza ardhi hiyo. Ameona kwamba mji unakua kwa kupokea wageni, na wageni hao wataishi juu ya wafu wa wengine. Na ameona kwamba mji unaopima viwanja vya kuishi bila kutenga mahali pa kuzikia umepanga nusu tu ya maisha. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,127,930 kwenye sensa ya 2012, na 2,470,967 kwenye ile ya 2022. Kila mmoja wao atahitaji mahali. Yule mama alikuwa anafikiri miaka 40 mbele, kwa hesabu, kuanzia mwili wake mwenyewe. Kama hiyo si fikra ya muda mrefu, basi sijui neno hilo lina maana gani.

Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimesikia mara nyingi, kutoka kwa watu wenye shahada, kwamba wananchi hawawezi kufikiri zaidi ya msimu mmoja wa mvua. Aje Kibondo anayesema hivyo. Baba yangu mdogo amepanda mikaratusi kwenye mteremko ambao hataupanda tena kwa miguu yake. Miti ile imepangiwa nguzo za nyumba za wajukuu ambao wawili kati yao hawajazaliwa. Tembea barabara yoyote ya Kasulu uhesabu misingi ya nyumba iliyomwagwa zege ikaachwa. Mgeni huona ujenzi uliokwama. Ukiuliza utaambiwa msingi mwaka huu, tofali tutachoma kiangazi kijacho, bati akimaliza chuo yule mkubwa. Ni mpango wa miaka kumi na zaidi, na unatekelezwa, bila semina.

Kwa hiyo uwezo upo. Kinachokosekana ni imani kwamba mpango *wao* na mpango *wa serikali* vinaweza kukaa ukurasa mmoja, na kukosekana kwa imani hiyo kuna historia, ipo kwenye lile bango la manila. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza, moja ya zile za mwanzo nchini, kabla Nyerere hajatamka mwishoni mwa 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Waha walikuwa wakiishi kwa kutawanyika juu ya matuta ya milima, kila boma na migomba yake. Wakahamishwa na kupangwa kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara. Ilikuwa fikra ya muda mrefu kweli kweli: shule, maji, zahanati, taifa jipya. James C. Scott alikiandikia kijiji cha ujamaa sura nzima katika *Seeing Like a State* mwaka 1998, na Kezilahabi alikuwa ameshakigusa katika *Gamba la Nyoka* miaka karibu 20 kabla yake. Shule zilikuja, hilo ni kweli, na mimi ni mmoja wa waliofaidi matunda yake. Lakini wazee wanapotaja mwaka ule hawatumii neno *maendeleo*. Wanasema *tulihamishwa*. Kauli ya kutendwa, tena.

Halafu sikiliza kilichofuata, kwa sababu hapa hadithi inakuwa na ukatili ambao mwandishi wa riwaya angeogopa kuubuni. Watu walioamriwa kujenga kando ya barabara walijenga kando ya barabara. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Barabara, na hifadhi ya barabara kuu ikapanuka kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Nyumba iliyokuwa halali ilijikuta ndani ya hifadhi bila kusogea hata hatua moja. Zikaja alama za X ukutani, za kijani kwa wanaostahili fidia, nyekundu kwa wasiostahili. Kisha ikaja lami yenyewe, mradi wa kilomita 260 kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu mpaka Manyovu mpakani mwa Burundi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Siipingi lami. Niliyewahi kulala njiani kati ya Kibondo na Kasulu masika, gari likiwa limezama mpaka mlangoni, siwezi kuipinga. Ila mtu aliyeishi mambo hayo yote mawili katika umri mmoja, ukimwuliza anauonaje mji wake mwaka 2050, ana haki ya kukujibu: maji. Maji hayahamishi mtu.

Kuna mfano kutoka Japani ambao wapenzi wa mambo haya hupenda kuusimulia, nami naupenda. Mwaka 2015 katika mji mdogo wa Yahaba, mkoa wa Iwate, wakazi walikusanywa kujadili mipango ya mji wao. Baadhi walijadili kama walivyo. Wengine waliombwa wajifanye ni wakazi wa mwaka 2060, wazungumze kutoka huko. Wale wa 2060 walikuwa na ujasiri zaidi na walijali zaidi mambo yanayochukua muda, na mji ukakubali hata kupandisha bei ya maji ili mabomba ya kesho yaweze kutengenezwa. Mbinu hiyo imetokana na kazi ya mwanauchumi Tatsuyoshi Saijo na wenzake.

Nikifikiria kuileta Kasulu, sioni shida kwenye uigizaji. Tuna utani, tuna ngano, tuna bibi anayezungumza na mjukuu asiyezaliwa. Watu wa huku wangelivaa joho la 2060 wasitake kulivua. Shida iko kwingine. Yahaba ilikuwa na mamlaka juu ya bei ya maji yake. Waliozungumza kutoka 2060 walizungumza na ofisi iliyoweza kuamua kesho yake asubuhi. Halmashauri zetu nyingi zinaishi kwa fedha zinazoshushwa kutoka serikali kuu, na vipaumbele vya mtaa hupanda ngazi kama maombi. Ukimwomba mama wa makaburi afikirie 2060, kisha ukaichukua hoja yake kwenda kuomba ruhusa ngazi nne juu, umemrudishia kitenzi kile kile ukiwa umekivalisha joho.

Waliosoma *Kusadikika* ya Shaaban Robert shuleni watakumbuka wale wajumbe sita waliotumwa kila upande kutafuta mambo yatakayoifaa nchi, wakarudi nayo, wakafungwa. Tulifundishwa kuisoma kama hadithi ya ukoloni na udikteta, na ni sawa. Nikiisoma sasa naona tumeendelea: siku hizi mjumbe harudi gerezani. Anapewa soda, anasaini karatasi ya mahudhurio, na hoja yake inapokelewa.

Nimebakiza jambo moja ambalo nyaraka hizi zote, kubwa na ndogo, zinalipita kwa mguu mwepesi: nani hasa ni *mwananchi* anayeshirikishwa? Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia nchini kwao, ilipita watu 150,000. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka huo huo. Mtendeli, Kakonko, mwaka uliofuata, na kufikia mwisho wa 2021 ikafungwa. Neno linalotawala katika habari za kambi ni *muda*. Makazi ya muda, hifadhi ya muda. Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka kambi ilipofunguliwa atakuwa na miaka 54 mwaka 2050.

Sipendekezi hapa nani abaki na nani aondoke. Hilo lina sheria zake, na lina watu wanaoumia pande zote. Natazama kama msomaji tu. Kuni zilizopikiwa kambini zilitoka kwenye misitu ile ile ya Makere ambayo vijiji vinaitegemea. Mihogo na maharage ya wakulima wetu yaliuzwa kwenye masoko ya pamoja mpaka yalipofungwa; kufikia 2020 hayakuwapo tena, na muulize mkulima wa Kibondo hesabu zake zilivyokuwa mwaka huo. Kodi za nyumba, vyumba vya wageni, ajira za madereva na wauguzi, bei ya mbuzi: vyote vimepanda na kushuka kwa kufuata idadi ya watu ambao ramani za manila haziwachori. Nimetazama ramani hizo. Kijiji kinachorwa mpaka kisima cha mwisho na mwembe wa mwisho, kisha upande wa kambi karatasi inaachwa nyeupe. Mji ukiandika mpango wa miaka 20 na kuacha weupe ule, mpango huo una makosa wakibaki na una makosa wakiondoka.

Rafiki wa familia yetu, pale Kibondo mjini, alijenga nyumba ya wageni wakati magari ya mashirika yalipokuwa mengi kuliko bajaji. Ghorofa ya chini imekamilika, vyumba vinane. Juu ameacha nondo zimesimama, zimeshika kutu. Nilipomtembelea mwezi wa nane aliniuliza, kwa sababu mimi ni mwalimu na walimu hudhaniwa kujua, kama kwenye ile Dira mpya wameandika wale watu watakuwa wapi. Nikamwambia sijaona. Akasema basi atamalizia choo cha nje kwanza, nondo zingoje.